Paka wangu ana nyumba ya pili, nami nahama

Kwako Somo,

Assalamu alaikum. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana kwa kuona haya. Wenzangu wanakuletea mambo ya talaka na mirathi, mimi nakuletea habari ya paka. Lakini usingizi umeniruka wiki ya pili sasa, na sijapata wa kumweleza akanisikiliza bila kucheka.

Naishi Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya kupanga. Mume wangu ni baharia, tunamwona mara moja kwa mwaka. Tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa. Jioni nauza bajia, kachiri na viazi karai barazani kwangu.

Miaka minne iliyopita, wakati wa masika, paka mdogo wa kike alijibanza ubavuni mwa jiko langu nilipokuwa nafunga biashara. Ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, vipande vipande. Mwanangu akasema amefanana na kashata iliyovunjika, na jina likamganda: Kashata.

Somo, sijui kama umewahi kufuga. Huyu paka ana mambo yake. Muadhini wa alfajiri akianza tu, anapanda kitandani kwa mwanangu, anamkanda tumbo kwa mikono ya mbele, huu kisha huu, kama mtu anayekanda unga wa chapati, huku akikoroma kwa raha. Bakuli lake la maji halitaki, anataka ndoo. Nikiacha vifuniko vya chupa mezani anavisukuma kimoja kimoja vianguke, na kila kimoja akikisukuma ananitazama usoni. Siku akifurahi nami sana, nakuta mjusi kafiri ndani ya kiatu. Mwanangu hulala chumba cha peke yake tangu baba yake arudi melini, na aliyemtoa woga wa giza si mimi, ni Kashata.

Akishakula vidagaa vyake asubuhi hutoka kwa njia ya paa, haonekani hadi magharibi. Sisi tukidhani analala juu ya mapaa kama paka wote wa mtaa huu. Siku nyingine hurudi manyoya yake yananukia udi. Nikajisemea amepita penye harusi. Amewahi pia kushika mimba, akatoweka siku nyingi, akarudi tumbo halipo. Nikadhani wanawe wameliwa na paka shume.

Wiki mbili zilizopita mbuzi yangu ya nazi ilivunjika, nikazunguka uchochoro wa nyuma kuazima kwa bibi mmoja. Nyumba yake na yetu zimepakana paa kwa paa, ila mlango wake umetazama mtaa mwingine, na sisi husalimiana harusini na matangani tu. Anakaa peke yake, wanawe wote wako Muscat. Akanishika mkono: "Ndoo mwanangu, ndoo umuone Subira wangu, kazaa."

Kitandani, juu ya leso kuukuu, amelala Kashata. Ana watoto watatu hata macho hawajafumbua. Akanitazama, akafumba macho polepole, akafumbua, vile vile anavyonifanyia nyumbani. Chetezo cha udi kiko kando ya kitanda. Bibi akanieleza kuwa Subira wake yuko naye mwaka wa nne huu. Alimpa jina hilo kwa sababu siku za mwanzo alikaa kizingitini siku tatu akingoja kufunguliwa. Hushinda naye kutwa, ndiye anayezungumza naye, na usiku hutoka kuwinda. "Tena asubuhi huja ananuka mafuta ya bajia," akasema, akacheka.

Mimi nilinyamaza. Nikachukua mbuzi nikaondoka. Hadi leo mbuzi yake iko jikoni kwangu, naogopa kuirudisha.

Sasa shida yenyewe. Wenye nyumba yetu wamegawana urithi na nyumba inauzwa. Tumepewa mwezi mmoja. Nimepata vyumba viwili Mtwapa, karibu na dada yangu. Bibi sijamwambia kuwa nahama. Mwanangu hajui kuwa Kashata ana jina jingine, anajua tu kwamba amezaa mahali na kwamba usiku anakuja mara moja, anakula, anaondoka. Amesema Mtwapa haendi bila Kashata. Baba yake kwa simu anasema nimtie kapuni pamoja na wanawe wakati bibi amelala, twende zetu. Kisha akageuka akasema nimwache tu, eti paka hupenda nyumba, hapendi mtu.

Paka huyu ni wangu au si wangu? Mimi ndiye niliyempokea kwanza. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa mifugo alipoumwa na paka shume. Lakini bibi naye ana miaka yake minne. Na nitakuambia jambo la aibu: nimeona wivu. Kwa nini akazae kule?

Mama Kashata, Kibokoni


Mwanangu Mama Kashata,

Waalaikum salaam. Ungeichana na hii ya nne ningekosa barua niliyoisoma mara mbili kabla ya chai. Haya yako iweke kando. Umeniletea habari ya mtoto anayelala peke yake, mama mzee anayeshinda peke yake, na mwanamke anayehama nyumba akiwa peke yake pia, kwa maana mume yuko melini. Paka amewazungukia nyote watatu.

Nianze na wivu, kwa sababu ndio uliokuuma zaidi. Unadhani Kashata alipokwenda kuzaa kule alichagua nani anampenda. Mimi naona alichagua kitanda. Paka jike siku zake zikikaribia, na mimba yake ni ya miezi miwili na siku chache, hutafuta mahali penye kiza kidogo, joto na utulivu. Kwako kuna jiko la bajia, wateja barazani na mtoto wa miaka tisa. Kwa bibi kuna leso kuukuu na mtu mmoja anayetembea taratibu. Na usione ajabu ukiamka siku moja ukamkuta anaingia kwa paa na kipaka mdomoni, kamshika kwa ngozi ya shingo, mtoto amelegea kama kitambaa. Wiki za mwanzo mama huwahamisha wanawe mara kwa mara. Ukimwona, usikimbilie kusema amerudi kwetu. Huenda kesho akawahamisha tena.

Kuwa na nyumba mbili nako si usaliti. Paka aliye huru kutoka hujitafutia penye chakula, kivuli na mkono mwema, na huweza kuwa na kwao zaidi ya mahali pamoja bila kuona kosa. Utaijua hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akasimulia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia. Neno hilo la kuzunguka nimekuwa nikilifikiria tangu barua yako inifikie.

Mumeo ana usemi wake kwamba paka hupenda nyumba, hapendi mtu. Ni usemi wa zamani na una chembe ya kweli, maana paka huijua nyumba kwa harufu. Anapokusugulia shavu miguuni au kwenye pembe ya mlango anaacha harufu yake, na pasipo na harufu hiyo huwa mgeni mwenye hofu. Lakini sehemu ya pili ya usemi haisimami. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwaweka vipaka chumba kigeni pamoja na walezi wao, mlezi akatoka dakika mbili, akarudi. Karibu wawili katika kila watatu walitulia mlezi aliporudi, wakamgusa kisha wakaendelea kuchungulia chumba, kama afanyavyo mtoto mchanga aliyemwona mamaye. Kwa hiyo mwanao haoti ndoto. Kile kinachomkanda tumbo alfajiri kinamjua yeye hasa. Kukanda kwenyewe ni tabia ya unyonyeshwaji: kipaka hulikanda titi la mama ili maziwa yashuke, na wengi hawaiachi ukubwani wanapokuwa na raha.

Ila ukilikubali hilo kwa mwanao, mwanangu, itakubidi ulikubali na kwa bibi. Umenieleza kuwa Kashata alikutazama akafumba macho polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliona kuwa mtu akimfumbia paka macho polepole, paka humjibu vivyo hivyo, na hata mgeni akifanya hivyo paka humsogelea kwa wepesi zaidi. Ile ilikuwa salamu, na ilikuwa yako kweli. Nina hakika bibi anayo ya kwake. Hata sauti. Paka wakubwa ni nadra kuliliana nyau wao kwa wao. Mlio ule huuelekeza zaidi kwetu sisi watu, na kila mmoja hujifunza mlio upi unafungua mlango upi. Inawezekana kuna kilio cha Subira ambacho wewe hujakisikia hata mara moja.

Kwa hiyo swali lako, ni wangu au si wangu, nimelizungusha nikaona siwezi kukujibu kwa kuhesabu siku. Ulimpokea kwanza, kweli. Ulimtibu, kweli. Ukihesabu usiku ni wako, ukihesabu mchana ni wake. Nisingependa kuwa kadhi wa kesi hiyo.

Jambo ninalotaka ulitazame tena ni lile la kunyamaza. Sikulaumu, moyo ulishtuka. Lakini umejenga kila kitu juu ya dhana kwamba bibi hajui. Rudia maneno yake: asubuhi huja ananuka mafuta ya bajia. Ni watu wangapi wanaokaanga bajia upande huo wa paa? Mama mzee aliyeishi Mji wa Kale miaka yote hiyo hajui nani anauza nini nyuma ya ukuta wake? Na ni yeye aliyekushika mkono akakuingiza hadi chumbani, wakati wewe ulifuata mbuzi ya nazi tu. Sijui kilichokuwa moyoni mwake. Huenda ni maneno ya furaha ya mtu asiyepata wageni. Huenda pia alikuwa anakufungulia mlango, akangoja uingie, nawe ukaondoka na mbuzi.

Sasa tuzitazame njia zako.

Ile ya kapu usiku sidhani kwamba unaitaka, usingeniandikia. Hata hivyo niseme hatari zake. Wanawe wakiwa wachanga, mama aliyeshtuliwa na safari ya tuktuk na chumba kigeni anaweza kukataa kula, akawasomba kwenda kuwaficha usipopajua. Mtwapa si Kibokoni, barabara kuu ya Malindi inapita pale na haina huruma. Na mwanao atakuwa amebeba upande mmoja wa kapu. Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Sasa huyu ni wa nyumba mbili, na kumwiba kwenye mojawapo ni kumwinga kwa namna yake.

Ya pili ni kumwacha. Ina utu ndani yake, na ina kilio cha mtoto pia. Usimwambie mtoto kuwa Kashata atamsahau au hatamsahau, hilo hakuna ajuaye. Fikiria pia kuwa jioni za mwanzo Kashata atakuja barazani kwako magharibi akakuta mlango wa mtu mwingine. Na bibi ni mtu mzima; akiugua, au wanawe wakimchukua Muscat miezi miwili mitatu, nani atamfungulia? Haya ni ya kuulizana naye, si ya kumwamulia.

Ya tatu imenikaa zaidi kwa sababu ya hesabu ya siku. Vipaka hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Uliwakuta hawajafumbua, na wiki mbili zimepita tangu hapo. Basi leo wana wiki mbili hadi nne, na ukiwa unaondoka mwezi ukiisha watakuwa na wiki sita hadi nane. Kuwatenganisha na mama kabla ya wiki nane ni kuwaonea: bado wananyonya, na bado mama na ndugu wanawafundisha mambo, mfano kwamba ukimuuma mwenzio sana mchezo unakwisha. Wakifika wiki kumi au kumi na mbili ni bora zaidi. Kwa hiyo ukitaka kupeleka yeyote Mtwapa kwa salama yake, utaondoka Kibokoni kwanza halafu utarudi. Na ili urudi, lazima kuwe na mlango utakaofunguliwa. Unaona jinsi njia zote zinavyopita kwa bibi.

Kuna faida nyingine ya kwenda sasa. Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo kipaka anapojifunza kama binadamu ni rafiki au adui. Kikishikwa kwa upole kila siku wakati huo, huwa paka wa kupakatwa. Kisiposhikwa, huweza kuwa mwenye kukimbia watu maisha yake yote. Bibi ana mikono miwili na vipaka vitatu. Mwanao ana mikono, muda na hamu. Kama angekuwa anakwenda kila akitoka madrasa, akakaa nusu saa pale chini, angewafaa vipaka, angemfaa bibi, na yeye mwenyewe angeona kwa macho yake kwamba Kashata mchana huitwa Subira. Hilo litamuuma? Pengine siku moja mbili. Watoto huyameza mambo haya upesi kuliko sisi, wakielezwa mapema. Akija kulijua baadaye kwa njia nyingine, ataona ulimficha.

Mkiishia kwenye mama kubaki na kipaka kwenda Mtwapa, usimpe mwanao kipaka kile kama badala ya Kashata. Ni mtoto wa Kashata, na atakuwa na vituko vyake. Ukimwona wa rangi tatu kama mamaye, jua karibu hakika ni wa kike, kwa kuwa rangi ya chungwa hubebwa kwenye kromosomu X, na ili nyeusi na chungwa zikutane huhitajika X mbili. Nakutajia hilo kwa sababu jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, yeye mwenyewe bado mtoto. Na Kashata anaweza kushika nyingine hata sasa akiwa ananyonyesha. Watoto wake waliotangulia sidhani kwamba waliliwa. Muulize bibi amewagawa kwa nani. Yeyote atakayebaki naye, zungumzeni na daktari wa mifugo habari ya kumfunga uzazi wanawe wakishaachishwa, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa limewaponza wengi, paka naye huupata na kuuambukiza.

Na kama mtakubaliana aende Kashata mwenyewe, wanawe wakishakua, pengine kipaka mmoja akabaki kushinda na bibi mchana, basi msafirishe taratibu. Usiifue ile leso, aende nayo na harufu zake zote, udi na bajia. Mpe chumba kimoja kwanza, karai la mchanga pembeni, asitoke nje wiki tatu au nne, la sivyo ataanza safari ya kurudi Kibokoni kwa miguu. Siku ya kwanza ya kutoka mtoe akiwa na njaa, vidagaa viko mkononi mwako. Vipaka nao wasipewe maziwa ya ng'ombe, yatawaharisha. Njia hii nayo ina bei: bibi atabaki na kipaka asiyejua kukaa kizingitini siku tatu. Wewe ndiye uliyeuona uso wake alipokuambia kazaa, mimi sikuuona.

Sikuchagulii. Kuna watu watatu ambao bado hawajaambiana lolote, na wawili kati yao hata hawajui kama wanahusiana. Huenda bibi akakushangaza, akasema mchukue mwanangu, mimi uzee umenifika, vipaka vitatu vitaniangusha. Huenda akalia. Huenda akakuambia alijua tangu mwaka wa kwanza.

Mbuzi yake ya nazi iko jikoni kwako bado. Irudishe mchana, wakati paka yupo, na uende na kijana, mkiwa mmekunia nazi mkatengeneza kitu cha kumpelekea. Waliofanya utafiti Japani na kuutoa mwaka 2019 waliona kuwa paka hulitambua jina lake hata likitajwa katikati ya maneno mengine yanayofanana nalo. Wa kwenu ana mawili. Mkishakaa mkanywa chai, mwambie mwanao aite Kashata, naye bibi aite Subira. Kisha uniandikie, nataka kujua sikio lilifanyaje.

Wako,
Somo